Mraba wa Kijani Juu ya Gulwe

Tulipoanza kuipima, ardhi ya juu ya Gulwe ilikuwa imekonda kuliko ng'ombe wake. Ukisimama penye reli ukatazama kilima, uliona mbavu tupu: makorongo mekundu yameshuka kutoka juu mpaka bondeni, moja baada ya jingine, na katikati yake vipande vya mashamba vimening'inia kama nyama iliyosahauliwa mfupani. Mvua ilikuwa haigusi ardhi ile kwa miezi minane. Halafu ikija, inakuja kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa, inalichukua shamba la mtu kutoka kilimani na kulimwaga juu ya reli. Treni ya kutoka pwani inasimama hapo siku mbili, na abiria wananunua karanga mpaka zinakwisha wilaya nzima. Naam, wilaya nzima. Nilikuwepo.

Mimi niliingia kwenye kazi ya udongo kwa mlango wa nyuma. Mchana nilikuwa nabeba magunia katika duka la Mhindi mmoja mjini Dodoma, na jioni nahudhuria darasa la watu wazima, ambako karani mmoja wa reli alitufundisha kusoma, kuandika, hesabu na Kiingereza cha barua. Miaka mitatu nilikaa kwenye dawati lililochongwa kwa ajili ya watoto, magoti yakigusana na kidevu. Nilipopata cheti, nilikitembeza mjini kama bwana harusi anavyotembeza bibi yake. Nadhani hata mbuzi wa sokoni walikisoma.

Basi serikali ikamleta Mwingereza mmoja mrefu, mwenye magoti mekundu kama embe bivu, kuja kuchunguza rutuba ya nchi iliyomomonyoka. Watu walimwita Bwana Udongo, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa anatafuta karani mwenye hesabu na Kigogo. Nikapeleka cheti changu.

"Mraba wenye minyororo ya kupimia arobaini kila upande," akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kunyooka, "una eka ngapi?"

"Mia moja na sitini, Bwana." Nilijibu kabla hajafunga mdomo.

Akaniangalia, akacheka, nikapewa kaptura mbili na kofia. Tangu siku ile Kilimani na Bondeni wote waliniita Karani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndege ilikuwa imepita juu ikapiga picha za nchi, na Bwana Udongo alizigawa picha zile kwa penseli na rula, miraba mitupu, mmoja pembeni ya mwingine. Katikati ya kila mraba alitia nukta. Mimi na mwenzangu mshika mnyororo tulikuwa tunatembea na dira mpaka mahali palipo nukta ile, tunapigilia kigingi, na watu waliotolewa na jumbe wanachimba shimo la kufika kifuani. Bwana anaingia shimoni, anapekenya kuta kwa kisu, anausugua udongo viganjani, anaudondoshea dawa ya maji inayogeuka rangi, anahesabu mizizi. Kisha tunachota udongo kutoka juu, kutoka katikati na kutoka chini, tunautia katika vifuko vya kitambaa cha amerikani vyenye nambari, vinapakiwa kwenye treni kwenda maabara. Majibu yakirudi, Bwana anachukua rangi za maji na brashi, anaupaka mraba mzima kwenye ramani. Kijani ni ardhi njema ya kulima. Manjano ni ardhi ya kulimwa kwa matuta tu. Nyekundu ni ardhi inayofungwa: jembe lisiingie, kwato zisiingie, na wenyewe watoke mpaka nyasi zitakapopenda kurudi.

Shimo moja, eka mia moja na sitini. Mimi niliyejibu hesabu ile kwa kiburi kiasi kile, sikujiuliza ilikuwa na maana gani mpaka tulipofika kwa mjomba wangu.

Mshika mnyororo alikuwa Mhehe, mtu mzima kuliko mimi, mwenye miguu ya mbuni na mdomo usiopumzika. Mgogo na Mhehe ni watani, kwa hiyo tulitukanana kutoka alfajiri mpaka kwenye uji wa jioni, na kazi ikaenda vizuri kwa sababu hiyo. Alikuwa ameoa Mgogo, kwa hiyo Kigogo alikisikia chote, ingawa alikisema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Mwezi ule karibu kila mraba ulikuwa mwekundu. Wa kwanza mwekundu, wa pili mwekundu, wa tano manjano kidogo, wa sita mwekundu. Bwana Udongo alikuwa anaondoka na brashi yake jioni kimya, kama mtu anayerudi kutoka mazikoni. Watu wa bondeni walianza kutukimbia, wanawake wakiwaficha watoto, maana walishajua: tukichimba kwako, unahama. Mahali pamoja bibi mmoja alikuja akasimama ndani ya shimo letu asubuhi, akakataa kutoka. Akasema kama tunataka kulipaka shamba lake rangi tumpake na yeye. Mhehe hakuwa na utani wa kumpa. Tulikaa pembeni mpaka mwanawe alipokuja kumwinua.

Mjomba alikuwa mraba wa tisa.

Huyu ni kaka wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado sijaota meno ya pili, na mjomba akanichukua, akanilea kwenye tembe lake la paa la udongo kilimani, akanifundisha kuchunga na kupigwa. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye kidevu kilichotangulia mbele kama pembe ya kifaru. Shamba lake lilikuwa pale juu peke yake. Na ukweli ni kwamba eka zake zile chache zilikuwa hai. Kila mwaka, kabla ya mvua, yeye na mkewe walikuwa wanazoa samadi zizini na kuibeba kwa ungo mpaka shambani, ungo baada ya ungo, kazi ambayo wanaume wengine walimcheka kwayo. Lakini zaidi ya eka zake, mraba ule wote uliobaki ulikuwa mawe, makorongo na kiduha. Kiduha ni kigugu chenye maua ya zambarau ya kupendeza. Kikichanua katikati ya mtama, jua udongo umekufa na maua ni ya msiba.

"Mbukwa, mjomba," nikamwamkia nilipofika na kofia yangu.

"Mbukwa." Akanizunguka akinikagua. "Miguu hii ndiyo niliyoilisha ugali? Mbona wameivalisha nusu suruali? Kitambaa kilikwisha?"

"Ni sare ya kazi, mjomba."

"Na huyu mrefu?"

"Ni Mhehe."

"Ee! Mama," akamwita mkewe ndani, "funga mbwa!"

Mhehe akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, mbwa wenu amekonda hivi, hata nikimla nitabaki nakudai chakula."

Tukaketi, tukaletewa ugali wa uwele na mlenda, na mjomba akaniuliza lile lililokuwa tumboni mwake tangu asikie tunakuja.

"Shamba langu litapakwa rangi gani?"

"Sijui bado. Mpaka tuchimbe."

"Mnachimba wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nukta ya Bwana ilikuwa imeangukia chini kabisa, kwenye ukingo wa korongo kubwa, mahali ambapo hata mwiba ulikuwa unajiuliza kwa nini umeota.

Mjomba akaacha kutafuna. "Pale hapalimwi. Pale hata mjusi hakai. Nimewahi kulima pale mimi?"

"Hujawahi."

"Sasa kwa nini msichimbe ninapolima?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko cheti changu. Nikamwambia ndivyo picha ilivyosema. Akasema, "Picha ilipigwa kutoka mbinguni. Mimi nalima kutoka chini." Akanawa mikono, akaondoka kwenda kwa ng'ombe wake, mlenda umebaki nusu. Mjomba alikuwa hajawahi kubakiza mlenda katika maisha yake.

Siku ya pili Bwana Udongo alishikwa na homa akabaki hemani kule chini. Akatutuma mimi na Mhehe tupigilie kigingi na kusimamia uchimbaji, yeye angekuja kuliona shimo likiwa tayari. Tukavuta mnyororo mpaka ukingoni mwa korongo. Nikakishika kigingi. Jua la siku ile lingeweza kuivisha maharage ndani ya kofia. Nikatazama juu, nikaliona tembe la mjomba, nikamwona amesimama mlangoni, mikono nyuma, ananiangalia bila kunipungia.

Karibu hatua mia moja juu ya pale palikuwa na hame, mahali pa zamani pa babu yangu mzaa mama. Kuta zilishaanguka, lakini zizi lake la ng'ombe lilikuwa limebaki kama doa jeusi ardhini, limeota mnavu na mchicha wa porini wa kufika kiunoni. Nilizijua hatua zile mia. Na kwenye picha ya ndege hatua mia zilikuwa upana wa njiti ya kiberiti, na penseli ya Bwana haikuwa imechongwa vizuri.

Nikawaza hivi: nikichimba hapa kwenye nukta, nitasema kweli juu ya mawe na nitaongopa juu ya shamba la mjomba, maana shamba lake si bovu. Nikichimba kule, nitaongopa juu ya mawe na nitasema kweli juu ya shamba lake. Uongo ni mmoja huku na kule. Kwa nini nisichague ule unaombakiza mjomba kwake? Hesabu ya namna hiyo haikufundishwa darasani kwetu, niliitunga mwenyewe, na kwa wakati ule niliiona haina kasoro.

"Mtani," nikamwambia Mhehe, "dira hii imekosea kidogo."

Akaitazama dira, akanitazama mimi, akatazama tembe. "Imekosea kiasi gani?"

"Kiasi cha hatua mia."

Akajitwisha mnyororo begani. "Mimi ni mtu wa mnyororo tu," akasema. "Dira ni ya wenye cheti."

Tukachimba kwenye zizi la babu. Tulipofika magotini udongo ulikuwa mweusi, tulipofika kiunoni mweusi, ukiuminya unashikamana kama ugali, na minyoo ndani yake minene kama kamba ya viatu. Bwana Udongo alipokuja kesho yake, bado anatetemeka, akaingia shimoni na kukaa humo muda mrefu mno. Alitoka uso umebadilika. Tangu nianze kazi sikuwa nimemwona na uso ule. Alikuwa kama baba aliyeambiwa mtoto amepona.

Kwa bahati mbaya hakuwa mjinga. Aliviringisha udongo kidoleni, akaunusa, akaniambia, "Karani, muulize mzee. Hapa hapakuwa na zizi zamani?"

Mjomba alikuwa amesogea karibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kukataa tu, kwa hiyo nikamgeuzia swali kwa Kigogo, neno kwa neno. Nilidhani ataelewa. Nilidhani atanisaidia.

Mjomba akajinyoosha. "Mwambie ni zizi la baba yangu," akasema kwa sauti ya baraza. "Mwambie ng'ombe wake walikuwa wakirudi jioni, wa kwanza anaingia zizini na wa mwisho bado yuko mtoni. Akawa anakopesha ng'ombe mpaka ng'ambo ya Kongwa. Ikaja tauni ya sotoka, ikawamaliza, harufu ikakaa hapa mpaka mvua iliyofuata. Mwambie anasimama juu ya mali ya baba yangu. Ndiyo maana udongo ni mweusi."

Nikamgeukia Bwana. "Anasema hapana. Toka zamani palikuwa shamba tu."

Bwana akakunja uso. "Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Wagogo, Bwana, huwa tunazunguka kabla ya kufika."

Akacheka. Akampa mjomba mkono. Mjomba, aliyedhani anapongezwa kwa ajili ya ng'ombe wa baba yake, akaupokea mkono ule kwa mikono yote miwili, akatikisa kichwa kwa fahari. Sijawahi kumwona anafurahi vile mbele ya mgeni.

Tulipokuwa tunashuka, Mhehe akasema chini chini, "Leo umetafsiri kama mtu anayegawa nyama gizani."

Majibu ya maabara yalirudi, na jioni ile Bwana akaniita hemani nione. Alichovya brashi, akaupaka mraba wa tisa kijani, kijani kibichi cha majani ya maboga, peke yake katikati ya wekundu ule wote. Nilipeleka habari kilimani nikikimbia. Mjomba akachinja beberu, mkewe akatoa pombe, nami nikala kiasi ambacho kingewatosha polisi wa Dodoma na farasi wao. Mjomba akaniwekea mkono kichwani mbele ya watu. Akasema mtoto wa dada yake amesoma, na kusoma kwake kumefika nyumbani.

Baraza liliitwa kabla ya mvua. Mkuu wa Wilaya alikaa kwenye kiti, ramani ya Bwana Udongo imetundikwa nyuma yake kwenye ubao, na watu wa miraba yote wamekaa chini wakiitazama bila kujua wao ni kipande gani. Jumbe akasimama kusoma amri. Waliomo kwenye nyekundu wote watoke kabla ya mvua. Hilo tulilijua. Kisha akageuza karatasi.

"Na hawa wote watahamia kwenye kijani."

Kijani kilikuwa kimoja.

Nilimwona mjomba akigeuza kichwa taratibu, akinitafuta kati ya watu. Alinipata nimesimama nyuma ya Bwana na kofia mkononi. Aliniangalia kama mtu anayesubiri nimwelezee kwamba hakusikia vizuri, na mimi nikainama nikawa nafunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa.

Walikuja na milango yao ya mbao vichwani, na mawe ya kusagia, na kuku wamefungwa miguu, na ng'ombe wale wa mbavu. Kaya baada ya kaya. Tuligawa mraba kwa kamba, mimi nikiandika, kila kaya na kipande chake. Mjomba, niseme kweli, aliwapokea kama watu. Aliwaonyesha kisima. Aliwagawia mbegu za uwele kutoka ghalani mwake. Yule bibi aliyesimama shimoni alipewa kipande chini, karibu na korongo, na mjomba akamsaidia kusimamisha boriti za nyumba.

Kaya tatu zilizoangukia kwenye hame la babu zilipata mtama wa kumficha twiga. Wengine wote walipata kiduha. Kilichanua mwaka ule kilima kizima, zambarau kutoka juu mpaka chini, na abiria wa treni, nadhani, walionyeshana madirishani.

Nilikaa mbali. Tulikuwa tumehamia kupima upande wa Kongwa, na kila nilipopata ruhusa nilipata pia sababu ya kutokwenda. Zikapita mvua mbili. Nilipokwenda mwishowe sikuijua njia. Ng'ombe wengi kiasi kile, wakishuka kisimani na kupanda kila siku kwenye mteremko mmoja, walikuwa wamekata njia. Mvua ikaingia kwenye njia ikaifanya mfereji, na mfereji ukawa korongo jipya. Lilikuwa limepita katikati ya shamba la mjomba. Upande mmoja ulibaki na tembe, upande wa pili na mtama mfupi wa kufika gotini, na katikati shimo ambalo treni ingelala ndani yake.

Mjomba alikuwa amekaa ukingoni na yule bibi. Alikuwa amekonda, kidevu peke yake ndicho kilichokuwa bado na nguvu.

"Huyu ndiye aliyepima?" bibi akauliza.

"Ndiye," mjomba akasema. "Mtoto wa dada yangu."

Bibi akanyanyuka na jembe. Akalipiga chini, likalia jiwe. Akasogea hatua mbili, akapiga, jiwe. Akasogea tena. "Na hapa. Na hapa. Baba, nyie mlichimba wapi?"

Mjomba akanijibia, kwa upole, kama mtu anayemtetea mwanawe kwa jirani.

"Walichimba zizini. Kwenye zizi la baba yangu, kule juu."

"Zizini!" Bibi akaliangusha jembe. "Nani anapima shamba kwa kuchimba zizini? Hata kichaa anajua zizi si shamba."

"Si kosa lake. Mimi mwenyewe nilimwambia yule Mzungu, nikamweleza yote, ng'ombe na sotoka na kila kitu. Akanipa mkono. Akaja akafanya alivyotaka. Wazungu ndivyo walivyo." Kisha akanigeukia kupata uthibitisho, jambo dogo tu. "Si ulimwambia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa fundi wa kusema ndiyo. Badala yake nikatazama korongo.

"Mwanangu. Ulimwambia?"

"Nilitaka wakuache hapa, mjomba."

Bibi ndiye aliyeshika kichwa na kupiga kelele, akawaita wengine, wakaja wakanitukana kwa Kigogo chote kilichopo duniani na kingine walichokitunga palepale. Mjomba alikuwa ametulia, midomo inacheza kidogo, na nikafahamu kwamba alikuwa anarudia moyoni hotuba ile yote ya zizini, sentensi kwa sentensi, akiangalia kila moja ilikokwenda.

"Ng'ombe wa baba yangu," akasema baadaye, "uliwafanya nini?"

"Nilisema palikuwa shamba tu."

"Shamba tu." Akanyanyuka, akaingia ndani.

Nilitembea mpaka kambini Kongwa bila kulala njiani, nikamkuta Bwana Udongo anakunywa chai, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Hatua mia, zizi, tafsiri. Nilitarajia atanifukuza, na niseme wazi, nilitamani anifukuze. Aliweka kikombe chini. Alitoa ramani, akaikunjua, akaukazia macho mraba ule. Akauliza, "Kaya zote zile, Karani?" Nikasema zote. Akafunika uso kwa mikono yake mikubwa yenye madoadoa. Kisha akasema kesho tunarudi kupima upya, na safari hii mashimo tisa kwenye mraba huo mmoja.

Tukachimba tisa. Mhehe alivuta mnyororo siku nne bila neno moja la utani. Shimo la zizini lilikuwa bado jeusi. La shambani kwa mjomba, lile ambalo miaka miwili nyuma lingeweza kumtetea, lilikuwa limeoshwa: udongo wa juu kina cha kidole, halafu changarawe. Mengine saba yalikuwa mawe. Bwana hakunionea, alinipa brashi mwenyewe, akasema aliyeharibu ramani ndiye aifute. Rangi nyekundu haikifuti kijani. Inakuwa kahawia chafu, unapaka mara ya pili, ya tatu, karatasi inalowa na kuvimba. Nilipaka mpaka ikawa nyekundu.

Amri ikatoka. Watoke wote, na mwenye kilima akiwa mmoja wao. Walitawanyika, wengine Dodoma mjini kuomba kazi za kubeba, wengine kwa ndugu. Mjomba akachagua kwenda magharibi, kwa shemeji yake, mbali na reli.

Nilikwenda siku ya kuhama. Kwetu laana ya mjomba inaogopwa kuliko simba, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Nilikuwa hata nimevaa shati safi kwa ajili yake. Alikuwa juu ya paa anabomoa tembe, anasukuma udongo wa paa na kutoa boriti moja moja, maana miti mizuri kama ile huachi nyuma. Nikamwamkia. Akaitika, maana yeye ni mtu anayeitika.

"Twende mjini, mjomba. Nina chumba."

"Mjini nitalima nini? Magunia ya Mhindi?"

"Basi nikusaidie kubeba."

Alikuwa ameshuka na boriti ndefu ya katikati ya nyumba, ile nyeusi ya moshi. Nikaishika upande wa pili. Akaangalia mikono yangu juu ya mti, akangoja. Hakunivuta, hakunisukuma. Alingoja mpaka nikaachia.

"Mama," akamwita mkewe. "Njoo ushike huku."

Mkewe akaja. Hakuwa na nguvu ya boriti ile. Alijitwisha mwisho wake begani akayumba, akakaza shingo. Wakaanza kupanda, mbuzi wakiwatangulia. Kila baada ya hatua kama ishirini mama yule alisema "subiri", wanatua boriti, wanapumua, wanainua tena. Mimi nilifuata nyuma mikono mitupu. Wakitua, nami nasimama. Wakiinua, nami natembea. Walipofika kileleni walipumzika kwa mara ya mwisho, mjomba akamfuta mkewe jasho kwa pindo la shuka lake, wakainua, wakashuka upande wa pili.